Kati ya riziki na mali: Mkristo anamtegemeaje Mungu penye fedha?

Kila Jumapili usharikani kwetu tunasimama na kusema kwa sauti moja, "Utupe leo riziki yetu." Haipiti nusu saa, mzee wa kanisa anashika kipaza sauti: bahasha za ahadi ya jengo zipo kwa katibu, sadaka ya shukrani itatolewa kwa jumuiya, fungu la kumi lisisahaulike, na kwa wasiobeba taslimu lipa namba imebandikwa mlangoni. Sijawahi kuona mtu akishtuka. Tumeshaomba riziki, sasa tunazungumzia mali, na tumehama kutoka moja kwenda nyingine bila kuona tulipovuka.

Kiswahili chenyewe kinapajua. Maneno yote mawili tuliyapokea kutoka Kiarabu, lakini hayakukaa mahali pamoja vinywani mwetu. Riziki mtu huitafuta na kujaliwa. Dereva wa bodaboda akirudi jioni na hela ya unga na ya mafuta ya kesho anasema "riziki imepatikana". Akisema "mali imepatikana" utamuuliza kaiba wapi. Mali huchumwa, hulimbikizwa, hurithiwa na kugombaniwa, na wahenga wanaonya kwamba ikikosa daftari hupotea bila habari. Riziki tunataja aliyeitoa, mali tunataja mwenyewe.

Watafsiri wa Biblia ya Union ya mwaka 1952 walilisikia jambo hilo. Walipofika kwenye Sala ya Bwana, mahali ambapo asili inataja mkate, wakaandika riziki. Wakatoliki wao walibaki na "mkate wetu wa kila siku". Na katika sura hiyohiyo ya sita ya Mathayo, mstari wa 24, penye neno la Kiaramu mamona, wakaandika: "Hamwezi kumtumikia Mungu na mali." Mistari 12 tu iko kati ya ombi lile na onyo hili. Riziki tunaamriwa tuiombe, mali tunakatazwa kuitumikia.

Nadhani sehemu kubwa ya mabishano ya Wakristo kuhusu utajiri hutoka hapo. Wahubiri wa mafanikio huahidi mali kwa kutumia mistari inayoahidi riziki. Wapinzani wao, wale wanaoamini kwamba suruali yenye kiraka inanukia utakatifu, huikemea riziki kwa mistari inayokemea mali.

Tuanze na jangwani, kwa sababu somo lenyewe lilifundishwa kwa kipimo. Katika Kutoka 16 Waisraeli wameingia jangwani, wamemaliza chakula, wananung'unika. Mungu anawapa mana, na amri yake ni kila mtu aokote pishi moja. Vijana wengi wa leo wanalijua neno pishi kutoka humohumo kwenye Biblia, lakini pwani kilikuwa kipimo cha nafaka cha kila siku, vibaba vinne kwa pishi. Walipopima, aliyekusanya vingi hakusaziwa kitu na aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Waliojaribu kuweka hadi asubuhi walikuta imeingia mabuu na inanuka. Lakini siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili, waweke kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza.

Wengi huishia kwenye mabuu na kusahau siku ya sita. Chakula kilekile, chombo kilekile, kuweka kulekule. Kimoja kinaoza na kingine hakiozi. Kwa hiyo kosa halikuwa kuweka akiba. Kosa lilikuwa kuweka kwa sababu huamini kama aliyekupa leo atakuwepo kesho.

Sasa turudi Mathayo. Yesu haizungumzii mali kama chombo tu, nyundo inayoweza kujenga au kuvunja kutegemea aliyeishika. Anaiita bwana, kitu kinachotumikiwa. Na baada tu ya kusema hamwezi kuwatumikia wawili, anaendelea: "Kwa sababu hiyo nawaambieni, Msisumbukie maisha yenu, mle nini au mnywe nini." Hayo maneno matatu ya mwanzo ndiyo tunayoyaruka. Tukihubiri kuhusu hazina na nondo na kutu tunawasema matajiri. Tukihubiri kuhusu ndege wa angani tunawafariji maskini, tena Jumapili nyingine. Yesu ameviunganisha. Kwake wasiwasi wa asiye nacho na tamaa ya aliye nacho vinamtumikia bwana mmoja, kwa sababu vyote viwili vinaamini jambo lilelile: kwamba mali ndiyo itakayoilinda kesho. Mmoja analala fofofo kwa kuwa anazo, mwingine halali kwa kuwa hana.

Hili linatugusa sisi wa kipato cha chini kuliko tunavyopenda kukiri. Nimewahi kuishi mwezi mzima nikihesabu shilingi kabla ya kulala na baada ya kuamka, na hakuna tajiri aliyeifikiria fedha wakati ule kuliko mimi. Ningeulizwa nani Mungu wangu, ningesema jibu la Kipaimara. Ningechunguzwa mawazo ya saa nane usiku, ingekuwa habari nyingine.

Na ahadi iliyomo katika sura hiyo? "Utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake; na hayo yote mtazidishiwa." Kiwakilishi "hayo" kina vitu kinavyovirejelea: kula, kunywa, kuvaa. Mtu akitaja gari hapo, amelileta mwenyewe.

Kuna hadithi inayosimuliwa mimbarini kila tunapofika kwa yule tajiri wa Marko 10, aliyeambiwa auze vyote awape maskini, akakunja uso na kuondoka kwa huzuni. Yesu anasema ni rahisi zaidi ngamia kupenya katika tundu ya sindano. Hapo mhubiri atakuambia kwamba Yerusalemu kulikuwa na lango dogo lililoitwa Tundu la Sindano, ngamia akishushwa mizigo na kupiga magoti anapita. Ni maelezo matamu sana, tatizo ni kwamba hakuna ushahidi wa lango hilo. Yalizuka karne nyingi baada ya Yesu. Marabi wa Kiyahudi nao walikuwa na msemo wa tembo kupita kwenye tundu la sindano, wakimaanisha jambo lisilowezekana kabisa. Tena wanafunzi walishangaa mno wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Mtu hashangai hivyo kwa sababu ya mlango mfupi. Jibu la Yesu pia halina habari ya kupiga magoti: kwa wanadamu haiwezekani, kwa Mungu yote yawezekana. Lango lile tumelipenda kwa sababu linaturuhusu kupita na ngamia wetu.

Lakini mtu asiigeuze amri ya yule tajiri kuwa sheria ya wote. Yoana, mke wa Kuza wakili wa Herode, Susana na wanawake wengine walimhudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao (Luka 8), hawakuambiwa wauze kila kitu. Lidia aliuza nguo za zambarau, bidhaa ya wenye fedha, na nyumba yake ikawa mahali pa kanisa kukutana kule Filipi. Zakayo alitoa nusu. Hata Anania, aliyeanguka akafa, Petro alimwambia wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake na fedha zake zilikuwa katika uwezo wake. Kilichomuua ni uongo.

Kwa Zakayo kuna jambo la pili ambalo tunalipita haraka: kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulilisoma jambo hilo kama lilivyoandikwa. Waliookoka walirudisha walichoiba, wakaenda kwa waliowakosea na kutaja kosa kwa jina. Miaka ya 1970 likajitenga Uganda kundi la Bazukufu, walioamka upya, likakataa hata kuchukua mikopo. Walizidisha, wengi tutasema. Lakini wale wazee walijua kwamba wokovu usiofika kwenye mfuko haujafika mbali, na ushuhuda wa aliyeokoka ulikuwa na orodha ya vitu vya kurudisha. Siku hizi orodha ni ya vitu vya kupokea.

Hilo linatuleta kwa injili ya mafanikio. Ilikua sana Marekani katika karne ya 20, kwa wahubiri kama Kenneth Hagin na Oral Roberts, na imekuja kwetu na mistari yake ileile. Roberts (1918–2009) aliushikilia mno mstari wa pili wa Waraka wa Tatu wa Yohana, unaomtakia msomaji afanikiwe na kuwa na afya. Waraka ule aliandikiwa mtu mmoja, Gayo, na maneno yale ni salamu, kama sisi tunavyoanza barua kwa "natumai u mzima wa afya". Ni dua njema. Kuifanya mkataba wa Mungu na kila muumini ni sawa na kumdai mjomba ng'ombe kwa kuwa aliandika "nakutakia kila la heri".

Mstari mwingine ni Marko 10:30, ule wa kupewa mara mia sasa wakati huu, nyumba na ndugu na mashamba. Nimeuona kwenye mabango ya mikutano. Sijawahi kuona bango lililoandika maneno matatu yanayofuata: "pamoja na udhia".

Na Malaki 3. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumizwa. "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Ni chakula hasa. Zaka ya sheria ya Musa ilikuwa nafaka, divai, mafuta na mifugo. Walilishwa Walawi, kabila lisilopewa urithi wa ardhi, na Kumbukumbu la Torati 14 inaeleza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. (Sura hiyohiyo inamruhusu mtu wa mbali auze zaka yake, aende na fedha hadi mahali pa ibada, anunue ng'ombe, kondoo na divai, ale na jamaa yake kwa furaha mbele za Mungu. Hilo katika bahasha halijapata nafasi.) Nehemia 13 inaonyesha tatizo lilivyokuwa: sehemu za Walawi hazikutolewa, wakaacha huduma, kila mtu akakimbilia shambani kwake. Ndiyo ghala tupu. Na ukirudi nyuma mistari mitano tu kutoka 3:10, Malaki amekwisha kutaja ambao Mungu atawashuhudia kinyume, wakiwamo wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, na mjane, na yatima. Mhubiri anayesoma mstari wa 10 kwa sauti kubwa huku mlinzi wa kanisa hajalipwa miezi mitatu, amesoma ukurasa nusu.

Sisemi fungu la kumi lisitolewe; mimi natoa. Nasema zaka ilikuwa njia ya kuhakikisha riziki ya wasio na shamba. Ikigeuzwa mtaji wa kumletea mtoaji mali, imepinduliwa kichwa chini.

Ninamfahamu mama mmoja, mfanyabiashara mdogo, aliyeambiwa apande mbegu inayouma, yaani atoe sadaka hadi aumie. Hakuwa na kitu kinachouma, akaenda kukopa laki mbili kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, akaipanda. Wiki ya tatu wakaja wakachukua mtungi wa gesi na televisheni. Aliporudi kuuliza, aliambiwa imani yake ilikuwa na mashaka. Jina la kanisa haliongezi kitu hapa. Ninachokumbuka ni kwamba aliuliza, akiwa ameshika ufunguo wa chumba: "Sasa mashaka yangekuwepo, ningekopa?"

Sipendi wanaomcheka. Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia mafuta ya upako kwenye mkutano wa maombi, na siku zile mitandaoni kulikuwa na kejeli ambazo hazikumfaa yeyote. Wengi wanaojaza mikutano ya namna ile hawafuati mali. Wanafuata afya, kazi, ada ya mtoto, yaani riziki, ile tuliyofundishwa kuiomba. Wanatheolojia wa Kiafrika wa Lausanne, harakati ya Wakristo wa kiinjili duniani, waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na tena 2009, waliikosoa vikali injili hii, lakini walikiri kwamba inastawi penye umaskini wa kutisha, na kwa wengi ndiyo tumaini pekee lililopo mezani. Kanisa linalomkosoa nabii wa mafuta bila kumuuliza yule mama amekula nini, limemjibu nabii na kumwacha mama palepale.

Upande wa pili wa kosa unahitaji maneno machache tu. Kumtegemea Mungu hakujawahi kuwa jina la uvivu. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba mtu asiyetaka kufanya kazi, chakula asile. Ndege wa angani hawapandi wala hawavuni, lakini amka alfajiri uwatazame kama wamelala.

Swali gumu zaidi ni akiba. Je, anayekata bima ya afya, anayeweka kwenye VICOBA, anayejenga chumba cha kupangisha kwa ajili ya uzee, amepungukiwa imani? Biblia ina wajenzi wawili wa ghala. Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba, akaitwa mwenye hekima. Tajiri wa Luka 12 akapanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, akaitwa mpumbavu. Msikilize anavyoongea: mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, hata nafsi yangu. Katika mazungumzo yake yote hakuna mtu wa pili. Mfano wenyewe ulizaliwa na ndugu wawili waliogombania urithi. Basili Mkuu, aliyekuja kuwa askofu wa Kaisaria katika Uturuki ya leo, aliuhubiri mfano huu wakati ambapo nchi yake ilipitia njaa, yapata mwaka 369, akasema mkate unaoushikilia ni wa mwenye njaa na vazi lililofungiwa sandukuni ni la aliye uchi. Hakusema ni wako na umpe kwa huruma. Alisema ni wake.

Ghala la Yusufu lilifunguliwa. Kwa haki niongeze kwamba hata lenyewe halikubaki safi: ukisoma hadi Mwanzo 47, Wamisri wananunua nafaka ile kwa fedha, zikaisha wakatoa mifugo, ikaisha wakatoa ardhi na miili yao, na Farao akawa na karibu kila kitu. Akiba iliyowekwa ili watu wasife ikawafanya watumwa. Wahubiri hawapendi kufika sura hiyo, na mimi sina namna ya kuilainisha.

Bibi yangu alikuwa na jibu lake la swali la akiba, ingawa hakujua kama ni jibu. Kila jioni alipopima mchele kwa kopo, kabla hajauosha alichota ukufi mmoja akautia kwenye chungu cha pembeni. "Wa mgeni, mjukuu wangu." Kulikuwa na siku tulilala tukisikia njaa na chungu kile kina mchele, na mimi nilimwona mkatili. Kisha mgeni alikuja, kama wanavyokuja siku zote bila taarifa, chungu kikafunguliwa, na sisi tukala naye.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikuwa na chungu chake pia. Akiwa Oxford alipata paundi 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Kipato kilipofika 90 na kisha 120, matumizi hayakusogea. Alikuwa ameshajua riziki yake ni kiasi gani, hivyo kilichozidi hakikumpa shida ya kuamua. Sisi tunapanga kinyume: kipato kikipanda, riziki inapanda nacho, na siku tutakayosema "sasa hii ni ziada" haifiki. Ombi la Aguri katika Mithali 30 ni la mtu aliyejua hatari ya pande zote mbili: usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu, nisije nikashiba nikakukana, au nikawa maskini nikaiba.

Paulo anasema alijifunza kuwa radhi. Neno ni kujifunza. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", ule mstari wa kwenye stika za daladala, unakuja mara tu baada ya kusema anajua kushiba na kuona njaa. Mambo yote anayoyaweza ni hayo. Naye aliandika barua ile akiwa kifungoni, akishukuru kwa msaada ambao Wafilipi walimpelekea kwa mkono wa Epafrodito. Mungu aliyemjaza kila alichohitaji alimtuma mtu mwenye mzigo.

Baada ya ibada usharikani kwetu huwa na mnada wa sadaka za vitu: ndizi, kuku, furushi la maparachichi lililofungwa kwa majani. Jumapili moja bibi mmoja alileta yai. Moja, limefungwa kwenye kipande cha kanga. Mzee wa kanisa akaliinua juu. "Nani anaanza?" Likaanzia elfu mbili, likafika kumi na tano, mnunuzi akasema, "Narudisha, liuzwe tena." Likauzwa tena, likarudishwa. Mara ya tatu akalichukua kijana wa bodaboda kwa elfu tano, na alipotoka alimkuta bibi amekaa kwenye ngazi.

"Shikamoo bibi. Yai lako hili, rudi nalo."

"Marahaba, mwanangu. Nilishalitoa, siwezi kurudi nalo."

"Sasa nilifanyie nini?"

"Umekula asubuhi?"

Kijana akacheka, akatikisa kichwa. Akalivusha barabara hadi kwa mama ntilie, likachemshwa.